Barua Iliyokaa Mkobani

Nilichaguliwa kuwa katibu wa wawakilishi wa wafanyakazi siku ambayo sikuwepo. Nilikuwa nimempeleka mama hospitali, na niliporudi kazini kesho yake nikakuta jina langu ubaoni, limeandikwa kwa chaki na mtu mwenye mwandiko wa kutisha, jambo lililonieleza mara moja kwa nini walinihitaji. Kiwanda chetu kiko Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, na kinatengeneza sabuni ya kufulia. Mimi nilikuwa upande wa kufunga: miche inakuja, unaipanga kwenye katoni, unaandika karatasi, unaibandika, katoni inaondoka. Wenzangu walikuwa wameona karatasi zangu za katoni, wakaamua kwamba mtu anayeandika neno "sabuni" kwa uzuri ule anaweza pia kuwatetea.

Chama chetu cha wafanyakazi wa viwanda ni kikubwa, na mjini kila mtu anakiita sendika tu, kana kwamba hakuna nyingine. Kina watu kwenye bia, kwenye rangi, kwenye unga, kwenye nguo. Ukisema sendika, watu wengi wanafikiria migomo na mabango. Katika miaka yangu yote sikuona mgomo hata mmoja. Nilichoona ni karatasi. Makao makuu walitutumia mzee mmoja, fundi wa nguo wa zamani, ambaye hakuliachia begi lake la ngozi hata wakati wa kula, naye akatufundisha kwamba mwajiri haogopi kelele. Anaogopa barua yenye muhuri, pamoja na nakala yenye saini ya aliyeipokea. Barua isiyo na saini ya kupokelewa, alisema, haijaandikwa. Alilirudia hilo mara tatu. Mimi nililiandika kwenye daftari la mikutano na kulipigia mstari.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kujibu barua za kuomba maelezo. Yeyote aliyewahi kuajiriwa Bujumbura anaijua barua hiyo, na anaijua kwa jina lake la Kifaransa, demande d'explication, ambalo sisi tulilikata tukabaki na dimande. Ukichelewa, dimande. Ukivunja kitu, dimande. Ukikutwa umekaa, dimande. Inakuja na daftari la kupokelea, unatia saini kwamba umeipata, na unapewa siku mbili za kueleza kwa maandishi kwa nini ulifanya ulichofanya. Dimande ikijibiwa vibaya inaingia kwenye faili lako. Zikifika tatu, unakwenda kutafuta kazi kwingine.

Na watu wetu walikuwa wanajibu vibaya sana, kwa sababu ya malezi mazuri. Sisi huku tunaomba msamaha kama wengine wanavyokohoa. Mtu akitaka kupita mlangoni, anaanza na mbabarira. Akitaka kukuuliza saa, mbabarira. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayewahi. Kwa hiyo mtu akipata dimande, anakaa chini na kalamu, anafikiria namna ya kumwandikia mkubwa bila kuonekana mshenzi, na anaanza: "Kwanza kabisa naomba msamaha." Halafu ndipo anaeleza, kurasa mbili, kwamba siku hiyo hakuwepo, mashine si yake, na aliyefanya kosa ni mwingine. Mkuu wa wafanyakazi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa msomaji mvivu. Alikuwa anaishia mstari wa kwanza, anaupigia mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Amekiri." Nilimwona mtu aliyekiri mvua. Nilimwona mwingine aliyekiri kwamba baba yake amefariki siku ya kazi.

Nikapiga marufuku msamaha. Mtu akija kwangu na dimande nilikuwa namwambia: eleza kilichotokea, saa ngapi, nani alikuwepo, tia saini, basi. Hawakupenda. Mama mmoja wa upande wa kuchemsha mafuta aliniambia kwamba barua niliyomwandikia inamtia aibu, inaonekana kama ya mtu asiyelelewa. Nikamwambia ndiyo, inaonekana hivyo hasa, na kesho utakuwa kazini. Alikuwa kazini. Hakunisalimia kwa mwezi mzima, lakini alikuwa kazini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kulikuwa na mashine ya kupiga chapa, ile inayogandamiza mche wa sabuni na kuuachia jina la kiwanda. Mbele yake palikuwa na wavu wa chuma. Wavu ukiwa wazi, mashine haishuki, ukiufunga, inashuka. Kwa hiyo mche ukikwama ilikuwa lazima ufungue wavu, utoe mche, ufunge, uendelee. Mtu huko juu alihesabu kwamba kufungua na kufunga kunapoteza wakati, akamwagiza fundi mkuu autoe. Fundi mkuu akautoa, akafunga waya mahali ulipokuwa unagusa ili mashine iamini wavu bado upo, na miche iliyokwama ikaanza kutolewa kwa mkono, haraka haraka.

Tulilijadili kwenye mkutano wetu. Fundi mkuu naye ni mwanachama, alikuwepo, na alieleza bila kuficha. Niliandika kwenye daftari: "Fundi mkuu ameeleza kwamba ametoa wavu wa mashine ya chapa kwa agizo. Wafanyakazi wa mashine wanaomba urudishwe. Katibu ataandika barua." Wote wakatia saini, fundi mkuu naye. Wa kwanza kutia saini alikuwa kaka mmoja aliyeiendesha mashine ile zamu ya asubuhi, jirani yangu huku mtaani Carama, mtu mwenye mwendo wa pole na kofia ya Kiislamu iliyokuwa ikitoka kwake nyeupe na kurudi nyeupe, jambo ambalo mimi nafanya kazi kwenye sabuni na siliwezi.

Barua niliiandika jioni ile ile. Ilikuwa barua nzuri. Lakini haikuwa na muhuri, na muhuri ulikuwa makao makuu, na wiki hizo mafuta yalikuwa yamepotea mjini kabisa. Mabasi hayakuwepo. Tulikuwa tunatoka Carama kwa miguu alfajiri na kurudi kwa miguu jioni, na wazo la kuongeza safari ya makao makuu juu ya miguu ile sikulipenda. Nikajiambia kesho. Kesho yake nikaona sentensi moja haijakaa sawa, nikainakili upya. Siku iliyofuata nikawa natafuta neno zuri la Kifaransa la wavu. Barua ikakaa mkobani, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha, kati ya kitambaa na chakula changu cha mchana.

Siku ya tisa nilisikia mashine ya chapa imesimama. Ilikuwa ikisimama mara nyingi, lakini safari hii hakuna aliyetukana. Kisha nikawaona watu wawili wanamtoa nje yule kaka, mkono wake umefungwa kwa kofia yake. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekatika, hiki cha kati na kile cha pembeni yake. Nitasema nilivyohisi kwa sababu sijawahi kulisema: niliogopa, na sikuogopa kwa ajili yake. Nilitazama mkoba wangu.

Dimande ilimfuata hospitali siku iliyofuata, na karani aliyeipeleka alibeba daftari la kupokelea kama kawaida. Kaka yule alitia saini kwa mkono wa kushoto. Barua ilimwomba aeleze, ndani ya siku mbili, kwa nini alisababisha mashine kusimama na bidhaa kuharibika. Bidhaa zilikuwa miche kumi na kitu yenye damu. Kulikuwa na swali la pili pia: nani alimruhusu kuondoa wavu.

Nilifika kumwona kesho yake mchana, nimetembea, na nilikuwa nimeandaa jibu kichwani lisilo na msamaha hata mmoja. Alikuwa amekaa kitandani. Mkewe alikuwa pembeni anamenya chungwa.

"Karibu dada," alisema. "Munisamehe, sikuweza kusimama."

"Kaka, dimande iko wapi? Tuijibu."

"Ile? Nimekwisha kuijibu. Mwalimu mumoja wa kitanda cha pale alinisaidia kuandika. Karani alipita asubuhi, akaibeba."

"Mliandika nini?"

"Niliandika muzuri. Nilianza na musamaha." Aliniangalia usoni, akaelewa. "We njo ulitukatazaka, najua. Lakini dada, mi ningeandikia mukubwa hivi hivi tu, bila heshima? Hata ile saini yangu ilikuwa mbaya, ilikuwa lazima niiombee musamaha."

Mkewe alinikatia kipande cha chungwa. Nilikila. Nakala ya barua ilikuwa chini ya mto. Mstari wa kwanza ulisema: "Naomba msamaha kwa yote yaliyotokea kwenye mashine yangu." Katika hayo yote, wavu nao umo. Kwa maneno hayo hiyo haikuwa ajali ya kazi tena, ilikuwa mtu aliyebomoa mashine ya kiwanda akajikata, na mtu wa namna hiyo hurudishwa nyumbani na vidole alivyobaki navyo.

Nilikwenda makao makuu siku ile ile. Miguu iliweza, ajabu. Mzee wa begi la ngozi alinisikiliza mpaka mwisho, nikamwekea mezani daftari la mikutano, na juu yake nikaweka bahasha. Alisoma daftari. Alifungua bahasha akasoma barua, akatazama tarehe, akanitazama mimi.

"Hii ilipelekwa?"

"Hapana, muzee."

"Basi hii haijaandikwa," alisema, na akanirudishia. "Na daftari ulifunge. Ukilionyesha, watauliza barua iko wapi. Watasema sendika ilijua, sendika ikakaa kimya. Si kiwanda chako tu, viwanda vyote vitasema. Tutamtetea kwa njia ingine. Mutu wa kwetu anaomba musamaha hata kama hana kosa, kila mutu anajua. Tutamwita mukaguzi wa kazi, naye ni mutu wa hapa."

Nilifurahi. Sitasema uongo. Nilirudi Carama nikitembea kama mtu aliyepumzika.

Mkaguzi wa kazi alikuja kiwandani kusikiliza pande zote. Alikuwa mwanamke, amekuja kwa miguu kama sisi sote, viatu vimejaa vumbi, amechelewa karibu saa nzima. Alipoingia ofisini alisema, "Mutusamehe, mafuta haiko," akakaa, akafungua kompyuta yake. Tulikuwepo mkuu wa wafanyakazi, fundi mkuu, mzee wa makao makuu, mimi, na kaka yule na mkono wake uliofungwa, ambao alikuwa ameuweka chini ya meza ili usitusumbue.

Mkuu wa wafanyakazi alisoma mstari wa kwanza wa barua ya hospitali, kwa sauti, kisha akaeleza kwamba wavu uliondolewa na mfanyakazi mwenyewe na kwamba hakuna aliyewahi kulalamika. Fundi mkuu aliulizwa nani aliutoa. Alisema hakumbuki vizuri. Fundi mkuu yule anakumbuka namba ya kila bolti pale kiwandani, na anajua siku ngapi kila mkanda umezunguka. Lakini ana watoto sita na macho yake yalikuwa sakafuni.

Mzee wetu alisimama. Alizungumza vizuri kuhusu desturi, kuhusu heshima, kuhusu namna tunavyolelewa. Mwisho akamgeukia mkaguzi kwa upole.

"Na we mwenyewe Madamu, ulipoingia hapa uliomba musamaha. Ulikuwa umekosa nini?"

"Nilichelewa," alisema mkaguzi.

Mzee akakaa.

Mkaguzi alikuwa anaandika. Nilijua anachoandika, kwa sababu hata mimi katika nafasi yake ningeandika hivyo hivyo: kuna barua ya kukiri, hakuna barua ya malalamiko. Kaka yule alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na kila kitu. Nikamwona atakavyotoka pale, anamshukuru kila mmoja mlangoni, anaomba radhi kwa kutupotezea wakati, na kutembea mpaka Carama bila kazi.

Nilitoa daftari. Mzee alinishika kiwiko, na ana mkono wa fundi wa nguo, anajua kushika. Nikalisukuma daftari mezani kwa mkono wa pili.

Mkaguzi alisoma kwa sauti, maneno yote, pamoja na majina ya waliotia saini. Alipofika kwenye la fundi mkuu aliinua kichwa.

"Hii ni saini yako?"

Fundi mkuu aliitazama muda mrefu kuliko saini inavyohitaji. "Ni yangu," alisema. Halafu, kana kwamba mtu amemfungulia mlango: "Waya nilifunga mwenyewe. Niliambiwa nifunge."

Mkuu wa wafanyakazi hakuandika kitu kwa kalamu nyekundu. Mkaguzi alirudi kwenye daftari.

"Hapa inasema katibu ataandika barua. Katibu ni nani?"

"Ni mimi, Madamu."

"Na barua?"

Nikafungua mkoba. Bahasha ilikuwa imechakaa kwenye pembe na ina doa la mafuta ya maharage. Mkaguzi aliisoma, akaigeuza nyuma kutafuta saini ya kupokelewa, akaigeuza tena.

"Ilikuwa imekwisha kuandikwa siku tisa mbele ya ajali. Kwa nini hukuipeleka?"

Nilikuwa na majibu. Mafuta, mabasi, muhuri, neno la Kifaransa. Niliyapanga yote mdomoni na yote yalikuwa ya kweli.

"Nilikaa nayo," nilisema. "Makao makuu ni mbali, sikutaka kutembea. Nilipotaka kutembea, nilitembea."

Kaka yule alikuwa hajui. Niliishi naye mtaa mmoja, nilikula chungwa la mkewe, na hakujua mpaka dakika ile. Alitoa mkono wake chini ya meza akauweka juu, labda umechoka, na akakitazama kitambaa. Kisha akamgeukia mkaguzi.

"Madamu, mumusamehe," alisema. "Ile siku mafuta haikuwako kweli."

Nimewahi kutukanwa na wakubwa, na mama wa upande wa kuchemsha, na mkwe wangu. Hakuna lililowahi kunichoma kama hilo.

Mkaguzi aliandika kwamba ni ajali ya kazi, kwamba wavu uliondolewa kwa agizo la kiwanda, na kwamba barua ya hospitali haihesabiwi. Kaka alibaki na kazi. Wavu ulirudishwa kesho yake asubuhi, umepakwa rangi ya njano, na siku hizi wageni wakitembelea kiwanda huonyeshwa wavu huo kama mfano wa jinsi tunavyojali. Yeye walimweka getini, kwenye kibanda cha kupokelea barua na kuandika namba za malori. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zake ni kubwa na zinaegemea upande mmoja, lakini zinasomeka kuliko za mtu aliyeandika jina langu ubaoni.

Kwangu ilikuja dimande. Ilitoka sendika. Ilikuwa na muhuri, mzuri, wa bluu, na iliniomba nieleze ndani ya siku mbili kwa nini nilikaa na barua ya chama na kwa nini nilitoa daftari la chama bila idhini. Niliijibu kama nilivyowafundisha wengine: kilichotokea, saa ngapi, nani alikuwepo, saini. Waliniondoa kwenye ukatibu na kunibakiza kwenye chama, na naona walifanya sawa. Mchango wangu naulipa mpaka leo. Bila daftari lile na saini zile, na bila mkaguzi aliyekuja kwa sababu sendika ilimwita, yule kaka angekuwa nyumbani, na barua yangu nzuri isingemsaidia.

Siku niliyopeleka jibu hilo getini ili litumwe, nilikuwa na barua nyingine. Hii ilikuwa yake. Niliiandika mara moja tu, sikuinakili. Kaka aliifungua, akaisoma akifuata mistari kwa kidole. Haikuwa ndefu. Alipomaliza alirudi mwanzo.

"Dada, hii imekosewa," alisema. "Inaanza na musamaha."

"Haikukosewa."

"Wewe njo ulitukatazaka."

"Najua. Hii iache hivyo hivyo, kaka. Nimekiri."

Nilitegemea aseme kwamba si kitu, yamepita, ni mapenzi ya Mungu. Ni maneno ambayo mtu wa kwetu anayatoa kabla hujamaliza kuomba, na yeye alikuwa nayo tele, alikuwa akiwapa hata madereva wa malori. Nilisimama pale nikiyasubiri. Hakuyasema.

"Nakala iko wapi?" aliuliza.

Nikampa nakala. Akaiweka juu ya daftari, akaishikilia kwa ule mkono wa kulia, kwa vidole vilivyobaki, na kwa mkono wa kushoto akaanza kuandika chini ya saini yangu. Ilimchukua muda. Aliandika tarehe, akatazama saa ya ukutani, akaandika saa. Juu yake aliandika: "Imepokelewa." Akatia saini, akanirudishia.

Nje lori lilikuwa linapiga honi. Alitoka kufungua geti, nami nikaikunja nakala yangu na kuitia mkobani, mahali pale pale ilipokaa ile nyingine.